Hapa Hakuna Phelix

Mvua ya Litein haipigi hodi. Siku hiyo ya soko, mwaka wa sabini na sita, ilishuka ghafla ikawakuta wanawake na mikungu yao ya ndizi, ikawakuta wauza sufuria na wauza kuku, na kila mwenye miguu akakimbilia varanda ya fundi cherehani. Bosibori alifika wa mwisho. Mkono mmoja ulikuwa umeinua pindo la gauni lake la maua ya njano, na mkono wa pili ulikuwa umebeba raba mpya alizozivua zisilowe. Miguu yenyewe ilikuwa matope mpaka magotini.

"Dada, wewe ndiye unavaa viatu, ama viatu ndivyo vinakuvaa?" sauti iliuliza juu ya kichwa chake.

Aliinua macho. Kijana mrefu, nywele zimechanwa zikasimama wima, shati la kola ndefu, belbotomu ya kahawia inayochuruzika maji. Redio ndogo ilikuwa imefichwa ndani ya koti lake kama kitoto mchanga.

"Na wewe? Redio imekuzaa ama umeizaa?"

"Hii inaniimbia. Viatu vyako vinajua nini?"

"Vinajua kukanyaga wanaume wa mdomo mrefu."

Fundi alicheka mpaka cherehani ikasimama. Kijana naye alicheka, akasogea kidogo ili Bosibori apate mahali pakavu, na mvua yote ya ukingoni ikamwangukia yeye begani.

"Naitwa Phelix," alisema. Alilisema jina hilo polepole, kama mtu anayeonja chakula alichokikosa siku nyingi.

"Mimi ni Bosibori. Nachuma majani ya chai pale ng'ambo. Na usinipotezee wakati, kwa sababu Januari naingia chuo cha ualimu."

"Basi niandikishe, mwalimu. Nianze na a, e, i?"

"Anza na kunyamaza."

Hakunyamaza, na Bosibori hakutaka anyamaze. Alipenda kwamba kijana huyo alicheka bila kuangalia ni nani anamwona. Kule kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kama meno, mtu hucheka huku akimtafuta nyapara kwa jicho moja.

Chuo hakikuwa maneno ya kujigamba. Miaka miwili Bosibori alichuma chai mchana na kusoma jioni mezani kwa mama yake mdogo, Bochaberi, mpaka barua ya kuitwa ikaja. Kabla ya Bosibori alikuwa dada yake Elmina. Elmina naye aliitwa chuo, naye alipata mimba, na kwa kuwa wakati ule chuo kilimpima kila msichana na kumrudisha mwenye mimba siku iyo hiyo, Elmina alikunywa vitu alivyochemshiwa na mwanamke mmoja nyuma ya laini. Walimzika kabla ya mahindi kukomaa. Kampuni ilimpa Bochaberi ruhusa ya nusu siku kwa mazishi, na Ijumaa nyapara alikata mshahara wa ile nusu nyingine. Mambo kama hayo hayasahauliki. Wanaotaka tuyasahau ndio waliokata.

Mapenzi ya Bosibori na Phelix yalikua Jumapili kwa Jumapili, na katikati ya wiki yalikua kwa simu. Phelix alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha chai upande wa pili wa mto, kwenye majiko ya kukaushia majani. Karani akitoka kwenda kula, yeye hunyemelea afisini na kupiga simu ya duka la Mzee Atuti, ambako Bosibori alikuwa akipita kununua mafuta ya taa.

"Mwalimu."

"Nani huyo?"

"Mwanafunzi wako mtoro."

"Umefanya hesabu niliyokupa?"

"Nimefanya. Nimetoa siku za wiki zote, nikabakiza Jumapili."

"Hiyo ni sifuri. Rudia."

"Mpenzi, nikirudia nitakuja leo kwa miguu."

Mzee Atuti alikuwa akijifanya kupanga sabuni. Kitu kimoja tu Phelix alikuwa amekikataza. "Wewe usinipigie kiwandani," alimwambia. "Karani wetu, Gekara, ni mwiba." Bosibori alikubali. Nani asiyewajua makarani?

Jumapili moja ya Novemba, katika chumba cha rafiki nyuma ya kinu cha posho, walikuwa peke yao na mvua. Phelix alikuwa na mpira wa kinga mfukoni, maana hakuwa mjinga, na watu wa uzazi wa majira walikuwa wamewagawia wanaume wa kiwanda tangu Juni. Tangu Juni ile mpira huo ulikaa katika mfuko wa suruali yake ya kazi, mbele ya majiko, kila zamu, ukikauka pamoja na majani. Hakuna aliyemwambia kwamba joto hula mpira. Ulipasuka kama ganda la kitunguu.

Bosibori aliketi akajifunga shuka. Hakulia.

"Pengine haitakuwa kitu," Phelix alisema.

"Pengine. Elmina pia alisema pengine."

"Bosibori, mama, niangalie. Chochote kitakachokuja, niko."

"Uko wapi? Jioni hii unaingia zamu."

Na kweli aliingia zamu, kwa kuwa ilikuwa msimu wa majani mengi, na katika msimu huo kiwanda kilikuwa kikimeza watu kwa zamu mbili mbili na kufunga geti.

Jumatatu Bosibori aliomba ruhusa kwa nyapara Kiptanui.

"Unaumwa wapi?"

"Tumbo."

"Kila mwanamke ana tumbo. Majani yanazeeka shambani, wewe unaniletea tumbo. Shika mstari."

Alishika mstari. Mvua ilipenya ndani ya aproni ya plastiki, vidole vikachuma majani mawili na chipukizi, mawili na chipukizi, na akili yake ikabaki kwa Elmina. Majani yalipopimwa mara ya mwisho alitupa kikapu kwa Bochaberi akaenda Litein mbio. Kliniki ilikuwa karibu kufungwa. Muuguzi, Sista Chepchumba, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alimsikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso.

"Jana mchana," Sista alirudia. "Umefanya vizuri kuja. Daktari mmoja mgeni alitufundisha mwaka jana. Ni vile vidonge vya uzazi wa majira, lakini unameza vingi kwa mara moja, halafu vingine tena baada ya saa kumi na mbili. Inazuia mimba isishike. Ikiwa imeshashika, haitoi, na usidanganywe na mtu."

"Inafanya kazi kweli?"

"Kwa wengi. Si kwa wote. Na inategemea umekuja lini. Leo ni bora kuliko kesho, kesho ni bora kuliko keshokutwa. Siku tatu zikipita, sina kitu cha kukupa."

"Basi nipe sasa, Sista."

Sista alitazama mlango. "Mume wako yuko wapi?"

"Sijaolewa."

"Hapo ndipo kuna shida. Hapa vidonge havitoki bila mume kusimama mbele yangu na kipande chake cha kitambulisho. Mwezi uliopita mwanaume mmoja alikuja na panga, anauliza nani amefunga tumbo la bibi yake. Mkubwa wetu alisema nikikosea tena, kazi hakuna. Nina watoto, msichana. Mlete huyo kijana. Awe na kipande, nitaandika ni mume, basi."

Dawa ilikuwa pale kabatini, nyuma ya kioo, hatua chache. Msichana aliyekuwa na miaka ishirini na moja, mwenye akili ya kufundisha watoto wa taifa, alihitaji mwanaume wa kumwombea vidonge vya tumbo lake mwenyewe. Sheria hiyo ilisimama mlangoni imara kuliko bawabu.

Jumanne, wenzake wakinywa uji saa ya mapumziko, alikimbia duka la Atuti. Alipiga simu aliyokatazwa.

"Kiwanda, afisi," sauti kavu ilijibu. Gekara.

"Samahani, bwana. Naomba kuongea na Phelix, wa majiko."

"Phelix nani?"

"Phelix tu. Mrefu. Wa majiko."

"Hapa hakuna Phelix."

"Angalia tena, bwana, tafadhali, ni jambo la—"

"Msichana, wa majiko wote nawalipa mimi. Hakuna Phelix, hakujawahi kuwa na Phelix. Hii simu ni ya chai."

Ikakatwa. Mzee Atuti aliacha kupanga sabuni.

"Wamesema nini, binti?"

"Wamesema nimekuwa nikipenda mtu ambaye hayuko."

Jioni alivuka mto mwenyewe. Getini, chini ya taa, kulikuwa na askari amejifunika gunia. Hapana, hakuna Phelix. Bosibori akamweleza: mrefu, nywele hivi, meno ya mbele yana mwanya, redio haimtoki. Askari akacheka kwa ukarimu.

"Aa, huyo ni Kepher. Mume wa Apiyo. Yuko zamu, hatoki mpaka asubuhi. Nimwambie ni nani?"

"Mwambie," Bosibori alisema, kisha akaona hana la kumwambia. "Mwambie mwalimu wake amefunga shule."

Alirudi akiwa ameshikilia ukingo wa barabara kama mtu anayetembea usingizini. Mume wa Apiyo. Kumbe hata jina alilokuwa akilinong'ona alipokuwa akichuma lilikuwa la uongo. Nyumbani alimwuliza Bochaberi, bila kumtazama, kama yule mwanamke wa nyuma ya laini yungali anachemsha vitu vyake.

Bochaberi aliweka mwiko chini.

"Nani anauliza?"

"Mimi, mama."

"Basi sikiliza. Nilimwosha Elmina kwa mikono hii. Ukienda kwa yule, utanipitia juu ya shingo." Akaketi mlangoni, akaegemeza mgongo kwenye ubao, akala chakula chake hapo hapo kwenye kizingiti. Hakuuliza lingine. Asubuhi alimkuta Bosibori bado amekaa kitandani na gauni lile lile.

Jumatano, ukungu ukiwa haujainuka, baiskeli ilikuja ikiruka katikati ya mistari ya chai. Wachumaji walisimama. Phelix alikuwa na suruali ya kazi, uso mweusi kwa vumbi la chai, macho mekundu kwa kukesha.

"Bosibori."

"Nakusalimu, Kepher. Apiyo hajambo?"

Wanawake wa mstari wakasema "Uuu" kwa pamoja, kisha wakajifanya kuchuma.

"Nipe nafasi niseme."

"Sema mbele ya watu. Uongo wako ulikuwa wa faragha, ukweli uwe wa hadhara."

"Kepher ni ndugu yangu mkubwa," Phelix alisema. "Alikaa kwenye majiko yale miaka tisa mpaka vumbi likamla kifua. Akienda kuripoti ni mgonjwa, wanamtoa kwenye nyumba, na hawaandiki mtu wa kwetu tena tangu watu wetu walipogoma. Kwa hivyo alienda likizo, na aliyerudi ni mimi. Kipande chake, namba yake, nyumba yake. Mkubwa wa kiwanda hatujui sura, anatujua namba, na Gekara alikuja mimi nikiwa tayari Kepher. Apiyo ni bibi yake, anamuuguza nyumbani, na mshahara ndio dawa. Mwaka mzima naitwa Kepher, naitika Kepher, nikiota naota mimi ni Kepher. Siku ile kwa fundi nikasema, angalau mtu mmoja katika dunia hii aniite jina langu."

Bosibori alivua kikapu mgongoni, akakiweka chini.

"Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Uoga wako umenila siku mbili, Phelix. Kuna dawa. Ilitakiwa Jumatatu. Wanataka mume na kipande, nami nilikupigia simu nikaambiwa hupo."

Phelix hakuuliza dawa gani. Aligeuza baiskeli. "Panda."

"Nyapara—"

"Panda, mwanangu," Bochaberi alisema kutoka mstari wa nyuma. "Kiptanui nitamjibu mimi. Leo tumbo ni langu."

Kliniki ilikuwa imejaa akina mama na watoto wa chanjo. Kwenye benchi la mbele, amevaa tai, akiwa na mke wake na mtoto mwenye homa, alikaa mtu mwembamba ambaye Bosibori alikuwa akimjua kwa sauti tu. Alipomgeukia Phelix na kusema, "Kepher, si uko zamu leo?" Bosibori aliijua ile sauti kavu ya simu. Ni Gekara.

Sista Chepchumba aliwaita mezani. Alipokea kipande, akakisoma, akakunja uso.

"Kepher. Mke, Apiyo." Akamtazama Bosibori. "Jumatatu uliniambia hujaolewa. Leo unaniletea mume wa mwenzako? Hapana. Kesho huyo Apiyo atakuja hapa na wazee, nami nitasema nini? Nendeni."

"Sista, muda unaisha," Bosibori alisema. "Wewe mwenyewe ulisema."

"Najua nilichosema. Inaniuma, lakini nendeni."

Phelix alisimama. Kichwa cha Gekara kilikuwa hatua mbili tu nyuma yake. Kusema ukweli hapo ilikuwa ni kujifukuzisha kazi, na kumtoa Kepher dawa mdomoni. Kunyamaza ilikuwa ni kumwacha Bosibori akaishie nyuma ya laini. Bosibori hakumsaidia kwa neno. Alikuwa amechoka kuomba.

"Hicho kipande si changu," Phelix alisema, na sauti ilifika mpaka benchi la mwisho. "Mimi ni Phelix, mdogo wake Kepher. Sina mke. Huyu ndiye ningetaka awe, akinikubali, na hata asiponikubali, dawa ni yake. Andika jina langu. Nikikosea, mfungeni Phelix."

Gekara alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Nimesikia," alisema. "Usirudi zamu. Vyombo vyako utavikuta nje ya geti." Mke wake alimvuta mkono, akasema kwa Kigusii kitu ambacho Bosibori alikielewa vizuri, nacho si cha kuandika, lakini kilikuwa kinamfaa. Gekara aliketi.

Sista aliandika. Kisha akafungua kabati, akamwaga vidonge kwenye kiganja cha Bosibori na kumpa kikombe cha maji.

"Meza hapa nikiona. Vingine meza usiku. Vitakuchafua moyo. Ukivitapika upesi, rudi nikupe vingine." Akashusha sauti. "Sitakudanganya. Ungemeza Jumatatu, ningelala usingizi. Sasa tuombe."

Usiku alimeza vile vya pili, na kabla hajalala vyote vikatoka kwenye mtaro. Asubuhi aliomba ruhusa, Kiptanui akamkumbusha ya jana, akamrudisha mstarini. Alipofika kwa Sista jua lilikuwa limezama. Alimeza tena, na vilikaa. Lakini vilikuwa vimechelewa kwa siku nzima ya kuchuma majani ya mtu mwingine.

Phelix alipata kazi ya kupakia magunia kwenye kinu cha posho, kwa jina lake mwenyewe na nusu ya mshahara wa Kepher. Usiku alilala juu ya makapi. Jumapili ya kwanza ya Desemba, na ya pili, Bosibori alitingisha kichwa kwa mbali alipomwona, naye Phelix akajua siku zake bado hazijaja. Jumapili ya tatu hakutingisha. Alikuja akaketi kwenye gunia karibu naye.

"Sista amenipima mkojo," alisema. "Imeshika."

Kinu kilikuwa kimezimwa. Phelix alifuta mikono yenye unga kwenye suruali, mara mbili, mara tatu.

"Nioe basi. Nisamehe, nimesema kinyume. Nikuoe. Nitakuja kwa mama mdogo na wazee, nitakuja vizuri."

"Unanihurumia."

"Nakupenda tangu viatu. Hata kama dawa ingefanya kazi yake, ningekuja."

"Lakini haikufanya. Ndiyo tofauti, Phelix. Ingefanya, ningekujibu kama msichana anayebembelezwa. Sasa nakujibu kama mtu aliyefungiwa mlango." Alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, kwa hasira, ngumi zake zikimpiga Phelix kifuani bila nguvu. Phelix aliziacha zimpige. "Dawa ilikuwepo. Niliiona kwa macho. Ilikuwepo Jumatatu. Wewe na jina lako, Sista na woga wake, Kiptanui na majani yake, yule wa simu. Kila mtu alichukua kipande kidogo cha siku yangu."

"Nilichukua kikubwa mimi."

"Ndiyo."

"Na chuo?"

Bosibori alijifuta kwa pindo la gauni la njano. "Kule wanapima tumbo kwa mkono siku ya kwanza, na siku ya kwanza ni mapema mno, mkono hautahisi kitu. Nitaingia. Mimi sitajifukuza. Wanaotaka kunifukuza, wafanye hiyo kazi wenyewe. Na wazee wako waje kabla ya Krismasi, kwa sababu nikikataa leo nitakuwa nakudanganya, nawe unajua vile uongo unakula siku."

Wazee walikuja. Bochaberi aliwapikia ugali wa wimbi na kuku, akawauliza maswali mpaka wakatokwa na jasho.

Chuoni walimgundua Machi, darasani, akiwa amesimama ubaoni. Mwalimu mkuu alimwambia amekitia chuo aibu, na kwamba angalipaswa kuwa mwangalifu. Bosibori aliuliza, kwa adabu, ni lini mwalimu mkuu aliwahi kumwambia mwanafunzi yeyote kwamba kuna dawa, na kwamba inataka haraka. Kesho yake asubuhi alipewa nusu saa ya kufunga sanduku.

Nje, barabarani, Phelix alikuwa ameketi chini ya mkalitusi, baiskeli imeegemea, shati limelowa umande. Alikuwa amesikia kutoka kwa dereva wa lori la majani, akaendesha usiku kucha.

"Leo sijachelewa," alisema.

Bosibori alimtazama, tumbo mbele, kitambaa kichwani kimekaa sawasawa. Hakutabasamu, lakini alimkabidhi sanduku.

"Lifunge kwenye keria kwa mipira yote miwili," alisema. "Mtihani wa watahiniwa wa nje ni mwaka kesho. Ukidondosha vitabu vyangu hata kimoja, Phelix, utarudi kukiokota kwa miguu."